Sura ya Tano: Saa ya Moto

Vijino vilikuwa 56. Nilivihesabu mwenyewe, nimesimama mbele ya ukuta wa jikoni na koti la kazini bado mwilini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Januari, katika mji wa Hull huku Uingereza. Nilikuwa nimetoka kwenye safari ya lori ya siku tatu. Nyumba ilikuwa baridi hata pumzi yangu niliiona. Mama alikuwa ameketi mezani, amejifunga vitenge viwili juu ya sweta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua nani mwenye kosa.

"Saa yenu hii," akasema, "haijui kupambazuka."

Saa yenyewe ilikuwa kisahani cha plastiki, upana wake kama mdomo wa kikombe, kilichopachikwa ukutani kando ya boila. Juu yake zimeandikwa namba kuanzia 1 hadi 24, na ukingoni vimepangwa vijino vidogo, 96 kwa jumla, kila kijino robo saa. Kisahani huzunguka polepole mchana na usiku. Kijino kilichobonyezwa kikifika kwenye mshale, boila huwaka. Kisichobonyezwa kikifika, boila hulala. Kabla sijaondoka nilikuwa nimemfundisha mama kwa dakika mbili. Alitaka moto kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, aamke, asali, awape wajukuu chai kabla ya shule. Nikamwambia, basi bonyeza kuanzia kumi na mbili mpaka mbili. Nikaenda zangu.

Wewe unayesoma Kiswahili umeshaona palipoharibika. Mama alibonyeza kijino cha kwanza kwenye 12. Akaendelea 13, 14, 15, akazunguka mpaka 24, akaingia 1, akamaliza kwenye 2. Alichokitaka ni saa mbili za moto alfajiri. Alichokipata ni saa kumi na nne, tangu adhuhuri mpaka saa nane za usiku, kisha baridi tupu mpaka adhuhuri nyingine. Kadi ya gesi niliyoijaza siku ya kuondoka ilikuwa karibu kwisha.

"Mchana joto lilipozidi hukushangaa?"

"Nilifungua madirisha," akasema. "Nilidhani inalipa deni la asubuhi."

Sikuwa na la kumjibu. Saa kumi na mbili niliyoisema mimi ilikuwa ya Kiswahili, na kisahani kile hakijui Kiswahili. Kosa lilikuwa langu, na chai yangu siku ile nilijitengenezea mwenyewe.

Tofauti ya saa sita tumeizoea hata hatuioni tena. Anayeishi na saa ya mkononi ya kizungu huku akizungumza Kiswahili hufanya hesabu hiyo kichwani bila kujua: mshale uko kwenye saba, mdomo unasema moja. Kwa mtu wa Baraka hesabu yetu ina mantiki kamili. Baraka, kwetu mashariki ya Kongo, iko kando ya Ziwa Tanganyika, nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na jua lake halina tabia za kubadilikabadilika. Linachomoza karibu na saa kumi na mbili, linatua karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima, kwa tofauti ndogo. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Huhitaji betri kulijua hilo.

Mama alishawahi kuyumbishwa na saa kabla ya Hull. Mwaka 1996, vita vilipofika eneo letu la Fizi, alivuka ziwa kama walivyovuka maelfu ya wenzake, akaishia kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma. Mashariki ya Kongo iko saa mbili mbele ya saa ya Greenwich. Tanzania iko saa tatu mbele. Ziwa ni lile lile, jua ni lile lile, ila ukishuka kwenye mtumbwi upande wa pili unaambiwa kwamba jua linachomoza saa moja. Wavuvi na wafanyabiashara wa ziwani wanaijua tofauti hiyo. Ukiwauliza wakati wa miadi watakuuliza kwanza: saa ya kwetu au saa ya ng'ambo? Kwa hiyo mama alikuwa na uzoefu wa saa moja kuhama. Saa sita kuhama, na jua nalo likihama, hilo lilikuwa jipya. Hull katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukisema "asubuhi" huku, lazima useme ya mwezi gani.

Watu wa Fizi hatukuwa na sababu ya kujua boila. Baraka ni joto: ziwa liko mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi upepo wa kusi ukivuma unatafuta shuka, hutafuti jiko. Ukipanda kwenda Fizi penyewe hali inabadilika kidogo, na ukiendelea mpaka nyanda za juu za Itombwe, ambako milima inapita mita 3,000, hapo moto wa ndani ni uhai. Nyumba za huko huamkia moshi. Sisi wa ufukweni moto wetu ulikuwa wa kupikia: mafiga matatu uani, au mbabula yenye makala yaliyoshushwa kwa magunia kutoka milimani.

Hata hivyo mama alikuwa na taima. Usiku, bugali na ndakala zikishaliwa, alikuwa akichagua kaa moja nene, au kisiki cha kuni kilichoungua nusu, akikilaza katikati ya mafiga na kukifunika majivu. Kiasi cha majivu ndicho kilikuwa siri. Ukiweka machache, kaa linakwisha usiku wa manane. Ukiweka mengi mno, linazimika kwa kukosa hewa. Alfajiri alikuwa akifukua kwa kijiti, anaweka nyasi kavu, anapuliza mara tatu nne, moto unasimama. Kiberiti kilikuwa cha wageni na wavivu. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kugusa yale majivu, hata baba. Siku hizo sikulitilia maanani. Nimelikumbuka huku, baada ya kumkosea mama mara ya pili, na nitalieleza.

Kwanza boila yenyewe. Tangu 2004, mpango wa serikali ya Uingereza ulioitwa Gateway ulipoanza kuleta wakimbizi moja kwa moja kutoka makambini, Wakongo wengi wametua Sheffield, Bolton, Manchester na hapa Hull. Kila familia ilipokewa na nyumba yenye sanduku jeupe ukutani na maelezo ya dakika tano. Ndani ya sanduku hilo gesi inawaka na kuchemsha maji. Pampu inayasukuma maji hayo kwenye mabomba mpaka kwenye vyuma bapa vilivyo chini ya madirisha, ambavyo sisi tunaviita rejeta, kama za gari. Jina ni sahihi ila kazi imegeuzwa: rejeta ya gari inatupa joto ili injini isife, hii inatupa joto ili wewe usife. Maji yakishapoa yanarudi kwenye boila, mzunguko unaanza tena.

Sanduku hilo halina akili. Linasubiri kuambiwa mambo matatu: liwake saa ngapi, nyumba ifikie joto gani, na joto liende vyumba gani. La kwanza ni kazi ya taima. La pili ni kazi ya themostati, kidude cha ukutani sebuleni kinachopima hewa. La tatu ni kazi ya vali zenye namba 1 hadi 5 kwenye rejeta zenyewe. Nyumba yetu ilikuwa na taima peke yake. Maana yake, kwenye muda uliobonyezwa boila iliwaka bila kujali kama chumba kimeshapata nyuzi 25, na nje ya muda huo iligoma hata maji yakiganda kwenye glasi. Huku England, tangu Aprili 2018, boila mpya ya gesi haifungwi bila kidhibiti cha muda na cha joto pamoja. Nyumba za kupanga zenye boila za zamani hazikuguswa na sharti hilo, nasi mara nyingi ndio tunaopangishwa nyumba za namna hiyo.

Kisahani cha vijino kina ubaya mwingine unaofaa kujulikana, maana bado kiko kwenye nyumba nyingi. Kinaendeshwa na umeme. Umeme ukikatika saa moja, kinasimama saa moja, na ukirudi kinaendelea pale kilipoishia kama mtu aliyezinduka usingizini na kumalizia sentensi yake. Kuanzia hapo moto wako umechelewa saa moja, mpaka mtu akizungushe. Hakijui Jumapili wala sikukuu. Na Jumapili ya mwisho ya Machi, Waingereza wanaposogeza saa zao mbele, halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaporudisha nyuma, hakiwafuati.

Kina uzuri wake pia, na asubuhi ile ya Januari niliugundua kwa bahati. Nilikuwa nakizungusha kurekebisha vijino, nikajiuliza: nani amenilazimisha kukipa saa ya kizungu? Kisahani hakijui ni saa ngapi duniani. Kinajua ulichokiambia. Ilikuwa imefika saa moja asubuhi, nami badala ya kuweka mshale kwenye 7 nikauweka kwenye 1. Basi. Kuanzia dakika ile namba 1 hadi 12 zikawa mchana wetu, na 13 hadi 24 usiku wetu. Saa moja usiku ikaangukia 13, ambayo mama aliielewa mara moja: kumi na mbili zimekwisha, tunaanza upya. Tukaishi na saa ya Baraka ukutani mpaka Machi, na hakuna aliyepata baridi. Sijaona njia hiyo katika kitabu chochote cha maelekezo.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya gesi ilipanda kwa namna ambayo hata majirani Waingereza walianza kuvaa makoti ndani. Oktoba serikali iliweka kikomo cha bei, ikatangazwa kwamba nyumba ya matumizi ya kawaida ingelipa takriban pauni 2,500 kwa mwaka. Kanisani kwetu watu kadhaa walielewa kwamba hakuna atakayelipa zaidi ya hapo hata akiacha boila inawaka mchana na usiku. Kikomo kilikuwa kwa kila uniti. Ukitumia uniti nyingi unalipa nyingi. Nilieleza hilo mara nyingi msimu ule kuliko nilivyoeleza Injili.

Ndipo nikanunua themostati ya simu. Ni kidude kizuri, cha duara, kinang'aa. Kinaunganishwa na intaneti, kinachukua saa chenyewe kutoka huko, kinajua machweo, kinajua hali ya hewa ya kesho, na unaweza kukiamuru ukiwa popote. Wazo la kidude kinachopima chumba na kuuamuru moto si la jana. Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Wisconsin, Warren Johnson, alipata hataza ya themostati ya umeme ya chumbani. Alikuwa amechoka kumsubiri mtunza jengo aje mwenyewe darasani kuangalia kama kuna joto. Miaka michache baadaye Albert Butz wa Minneapolis alibuni chombo kilichofungua na kufunga hewa ya tanuru la makaa ya mawe. Butz alifanya kwa mnyororo na mota kile mama alichokifanya kwa majivu. Kilichoongezwa na zama zetu ni kwamba anayeamuru hahitaji tena kuwa kwenye nyumba hiyo.

Hapo ndipo palikuwa na mtego. Nilikuwa nikiegesha lori usiku mahali fulani kusini, nafungua simu, naona nyumbani ni nyuzi 22. Nahesabu pauni kichwani. Kwa kidole gumba nashusha mpaka 17, nalala usingizi mnono. Kilomita 300 kutoka hapo, mama anasikia boila imenyamaza. Anakwenda kwenye duara linalong'aa, analigusa, linamwonyesha picha ya jani la kijani kumpongeza kwa kuokoa nishati. Anarudi kuvaa koti. Na saa yake haikubali kudanganywa: niliingia kila pembe ya mipangilio nikitafuta jinsi ya kuirudisha saa sita nyuma, haikuwezekana, kwa sababu inaiuliza intaneti, na intaneti haijawahi kufika Baraka kuulizia kunapambazuka saa ngapi.

Mama hakulalamika kwangu. Alilalamika kwa dada yake aliye Baraka, kwa ujumbe wa sauti, akijua nitausikia kwa kuwa simu yake naijaza mimi. Alisema: huku hata moto umehamia kwenye mfuko wa suruali. Nikakumbuka majivu.

Jumamosi iliyofuata nilimwita mjomba. Mjomba alikuwa fundi wa gurupu Baraka, zile jenereta za vibanda vya sinema na mashine za kusaga, na waya kwake ni kama kamba kwa mvuvi. Tulikuwa tumekubaliana kufunga themostati ya kawaida ya programu: kioo chenye namba kubwa, vitufe vinne, betri mbili, haina intaneti. Inawasiliana kwa redio na kipokezi kidogo kinachokaa pale kisahani kilipokuwa. Mwenye nyumba nilikuwa nimeshamwandikia na ameridhia kwa maandishi; usifanye bila hilo.

Kabla ya chochote tulizima swichi yenye fyuzi inayolisha boila, na mjomba akachomoa fyuzi yenyewe akaitia mfukoni, desturi aliyotoka nayo nyumbani, ambako mtu mwingine anaweza kuwasha gurupu wewe ungali umeshika waya. Nikapiga picha ya kila waya ulivyokaa. Tulipofungua kifuniko tukakuta rangi mbili za zamani: nyekundu na nyeusi. Mjomba akanyoosha kidole kwenye nyeusi: "Hii ndiyo faze." Kwa mafundi waliojifunzia kwa vifaa vya Kifaransa na Kibelgiji, nyeusi mara nyingi ndiyo yenye moto, na bluu ndiyo netre. Katika nyumba za zamani za Uingereza ni kinyume chake: nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi ndiyo netre. Rangi za pamoja za Ulaya, kahawia na bluu, zilianza kuruhusiwa huku 2004 na kuwa lazima 2006, na nyumba yetu ilijengwa zamani kabla ya hapo. Tulirudisha fyuzi kwa muda, mjomba akagusa kwa bisibisi ya kupimia, taa ikawaka kwenye nyekundu. Akacheka kidogo, lakini alikaa kimya muda mrefu baada ya hapo. Umeme ukazimwa tena, fyuzi ikarudi mfukoni.

Kosa la pili, ambalo hatukulifanya kwa sababu tulisoma, ni la kile kipande kifupi cha waya kinachounganisha tundu la moto na tundu la swichi ndani ya kipokezi, kama daraja. Kuna boila zinazotaka kuambiwa "waka" kwa kupelekewa umeme kamili wa volti 230. Hizo zinataka daraja. Kuna nyingine zinazotaka waya mbili zigusane tu, bila umeme wowote kutoka nje. Ukiweka daraja kwenye boila ya aina hii ya pili unapeleka volti 230 kwenye saketi ndogo isiyozitegemea, na bodi yake inaungua kwa sauti moja tu: tk. Bodi mpya inaweza kugharimu mara kadhaa ya bei ya themostati. Kitabu cha boila ndicho kinachosema ni aina ipi. Ya kwetu ilitaka daraja. Na mpaka mwisho wa kazi hatukugusa hata skrubu moja ya boila penyewe. Sheria ya huku inasema wazi kuwa gesi haiguswi na mtu asiyeandikishwa kwenye daftari la Gas Safe, lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, na fundi anayekuja anatakiwa aonyeshe kadi yake. Mjomba kwa ustadi wake wote hana kadi hiyo, naye alilijua hilo.

Kidude cha kupimia tulikitundika sebuleni, kwenye ukuta wa ndani, urefu wa mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, mbali na rejeta, dirisha na mlango wa jikoni. Familia moja rafiki ilikiweka jikoni. Mama wa nyumba ile akisonga bugali, kidude kinaona nyuzi 26, kinazima moto, na watoto vyumbani wanatetemeka huku chungu kinatoa mvuke.

Kisha ikaja zamu ya saa. Kidude kina mtindo wa saa kumi na mbili, wenye herufi AM na PM. Ilikuwa saa tisa alasiri. Niliandika 9:00 AM. Mjomba akanitazama. Nikabandika juu ya AM kipande cha karatasi kilichoandikwa "mchana", na juu ya PM "usiku". Kuanzia hapo saa moja asubuhi ni moja ya mchana, saa moja usiku ni moja ya usiku, kama Mungu alivyokusudia. Kuna tatizo dogo moja. Siku ya kidude inabadilika saa kumi na mbili alfajiri badala ya usiku wa manane, kwa hiyo moto wa Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri unaandikwa kwenye orodha ya Jumapili. Mama hakuona tatizo. Kwake kabla ya jogoo kumaliza ni jana bado. Kujirekebisha chenyewe kwa Machi na Oktoba tulikuzima. Kazi hiyo akapewa mwenye moto.

Tulipanga nyuzi pamoja naye mezani, na hapa nilijifunza kunyamaza. Nilitaka mchana iwe 16. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 linataja nyuzi 18 kama kiwango cha chini salama ndani ya nyumba wakati wa baridi, na wazee na watoto wadogo wanaweza kuhitaji zaidi. Nyumba inayopoa sana kisha ikajaa mvuke wa kupika na nguo zinazoanikwa kwenye rejeta huota kuvu. Desemba 2020 huko Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, wa familia iliyotoka Sudan, alifariki. Novemba 2022 afisa anayechunguza vifo alisema chanzo ni kuvu ya nyumba waliyokuwa wakiishi, ambayo baba yake alikuwa ameilalamikia kwa miaka. Lawama hapo haikuwa ya familia. Lakini tangu nisikie habari ile siwezi tena kuipunguza nyumba yenye watoto kwa kidole gumba. Tukakubaliana 20 asubuhi, 18 mchana, 20 jioni, 17 usiku.

Pesa nilizozitafuta kwa simu nilizipata mahali pengine, kwenye kitufe cha boila chenyewe, cha nje, ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kukigeuza. Boila nyingi za kisasa hupeleka maji kwenye rejeta yakiwa ya moto kuliko inavyohitajika. Zimeundwa kunyonya joto hata kutoka kwenye mvuke wa moshi wake, na haziwezi kufanya hivyo vizuri ikiwa maji yanayorudi yamezidi nyuzi 55 hivi. Ukishusha joto la maji yanayotoka mpaka 60 au chini yake kidogo, rejeta zinakuwa vuguvugu kwa muda mrefu badala ya kuunguza kwa muda mfupi, na gesi inayokwenda bure hupungua. Nilipomweleza mama, aliniuliza kama nimejua leo kwamba maharage yanataka kuni zivutwe nyuma. Angalizo: hiyo ni kwa boila isiyo na tangi la maji ya moto. Kwenye tangi maji yanatakiwa yafike 60 ili vijidudu visizaliane humo.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba nilikuwa nyumbani. Nilishuka nikamkuta mama amesimama mbele ya kidude na miwani yake, simu sikioni, anazungumza na dada yake. Alikuwa akimuuliza Baraka ni saa ngapi.

"Saa tatu," sauti ikasema, na nyuma yake jogoo na pikipiki.

Mama akahesabu kwa vidole. Kiangazi cha Ulaya tunatofautiana saa moja. Majira ya baridi yakianza, mbili. Akabonyeza kitufe cha kushuka mara moja. Kioo kikaonyesha saa moja, mchana.

"Huko kwenu baridi imeanza?" dada yake akauliza. "Umeshawasha moto?"

"Unawaka tangu alfajiri."

"Nani kauwasha, na wewe ndiyo kwanza unaamka?"

"Mimi," mama akasema. "Nimeuwasha jana."